Hesabu haikubali: kutafuta kosa kati ya volti, ampea, omu na wati

Kanuni zenyewe ni fupi. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni volti gawanya kwa ampea. Nguvu, inayopimwa kwa wati, ni volti mara ampea. Ukiziunganisha hizo mbili unapata nyingine mbili: wati ni ampea mara ampea mara omu, au volti mara volti gawanya kwa omu. Mwanafunzi wa sekondari anazijua zote nne. Shida huanza pale mtu anaposhika maltimita (mita moja inayopima volti, ampea na omu), akapima, akapiga hesabu, halafu jibu likakataa kufanana na kibandiko cha kifaa.

Kanuni huwa haina kosa. Kosa huwa kwenye namba moja iliyotoka pengine: volti imesomwa kwenye kibandiko, ampea imepimwa leo jioni, omu imepimwa kifaa kikiwa baridi. Volti na ampea zinazoingia kwenye hesabu moja zinatakiwa zitoke kwenye kifaa kilekile, kikiwa kinafanya kazi, kwa wakati uleule. Malalamiko mengi yaliyo hapa chini yanaanzia hapo.

Kabla hujagusa chochote: omu hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa. Volti ya soketi hupimwa kwa mita yenye alama ya CAT II au CAT III (viwango vya usalama wa mita), na nyaya zake za kupimia zisiwe zimechubuka. Ndani ya boksi la swichi kuu ni kazi ya fundi mwenye leseni (leseni hiyo hutolewa na mamlaka ya nishati: Tanzania ni EWURA, Kenya ni EPRA). Mita ya LUKU (ya umeme wa kulipia kabla) na waya unaotoka kwenye nguzo ni vya shirika la umeme, na lakiri yake haikatwi na mtu mwingine.

Dalili: jibu limekuwa kubwa au dogo mno, halina akili

Umepata taa ya wati 9,000, au kipingamizi kidogo cha redio chenye omu 0.02. Sababu ya kwanza ni miliampea. Mita imesoma 39 kwenye kipimo cha mA, wewe ukaandika ampea 39. Gawanya kwa 1,000 kwanza: 0.039. Zidisha kwa 230 na unarudi kwenye wati 9 za taa.

Sababu ya pili ni kipimo cha omu. Kwenye mita za kuzungusha, namba iliyoandikwa pembeni ya kitasa (200, 2k, 20k, 2M) inakuambia kikomo na inakuambia pia kizio. Kitasa kikiwa kwenye 20k, somo la 4.70 ni omu 4,700. Na ikitokea "1" peke yake upande wa kushoto au "OL", hiyo siyo omu moja. Mita inasema ukinzani umepita kikomo chake au njia imekatika.

Sababu ya tatu, kwa vitu vyenye omu chache sana, ni nyaya za mita zenyewe. Gusanisha ncha zake mbili usome. Mara nyingi utaona omu 0.2 hadi 0.5. Toa kiasi hicho kwenye kila somo.

Dalili: mita inasoma ampea sifuri na kifaa kinafanya kazi

Kama unatumia klampu mita (inayopima ampea kwa kuuzunguka waya kwa mdomo wake), angalia umeishika wapi. Ukiuzungushia waya mzima wa pasi, laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaorudisha) zikiwa pamoja ndani yake, mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana na klampu inasoma sifuri. Lazima ishike waya mmoja tu. Mafundi wengi hutengeneza ekstensheni fupi iliyochunwa ganda la nje tu kwa urefu wa kiganja, ili nyaya za ndani zitengane zikiwa na maganda yao kamili.

Kama mzigo ni mdogo, mfano balbu moja, klampu ya bei ya chini haina uwezo wa kuuona. Zungusha waya mmoja huo mara 10 kwenye mdomo wa klampu, kisha gawanya somo kwa 10.

Kwa maltimita ya kawaida, ambayo huwekwa katikati ya njia ya mkondo, mshukiwa wa kwanza ni fyuzi ya ndani ya mita. Huungua siku mtu alipojaribu kupima ampea za soketi kwa kuchomeka ncha mbili moja kwa moja. Fungua mfuniko, iangalie, weka nyingine ya ukubwa na aina ileile. Usiizibe kwa karatasi ya sigara wala uzi wa waya. Fyuzi hiyo ndiyo iliyosimama kati ya mkono wako na mlipuko.

Simama hapa: waya mwekundu wa mita ukiwa bado kwenye tundu la 10A, usipime volti ya soketi kamwe. Katika tundu hilo mita ina ukinzani karibu na sifuri, na kwenye mita nyingi za bei nafuu tundu hilo halina fyuzi kabisa. Utakuwa umeunganisha laivu na nyutro kwa kipande cha chuma. Kila ukimaliza kupima ampea, rudisha waya kwenye tundu la volti kabla ya kuweka mita chini.

Dalili: omu ulizopima hazilingani na omu ulizokokotoa

Balbu ya zamani ya uzi, wati 100 kwa volti 230. Hesabu: 100 gawanya kwa 230 ni ampea 0.435, 230 gawanya kwa hiyo unapata omu 529 hivi. Ichomoe, ipoe, ipime: utaona omu arobaini au karibu na hapo. Mtu akichukua hizo 40 na kukokotoa wati anapata zaidi ya 1,300, kisha anaitupa balbu nzima.

Uzi wa tangsteni ukipata joto, ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi. Omu 529 ni za balbu inayowaka, omu 40 ni za balbu iliyolala. Zote ni kweli, ila hazifai kuwekwa kwenye hesabu moja. Ndiyo maana pia balbu za aina hiyo hupenda kuungua pale swichi inapowashwa, kwa kuwa mkondo wa kwanza ni mkubwa mno.

Koili za birika, pasi na jiko zimetengenezwa kwa nikrome (mchanganyiko wa nikeli na kromi), na hizo hubadilika kidogo tu zikipata moto. Kwa koili, omu za baridi zinaaminika. Kama birika la wati 2,000 linatakiwa kuwa na omu 26.5 na wewe umesoma 27 au 25, ni zima. Ukisoma OL, koili au fyuzi yake ya joto imekatika.

Kama siyo joto, angalia kama kipande unachopima kimeachwa ndani ya saketi. Mita inapitisha mkondo wake mdogo kwenye kila njia iliyopo, na njia za pembeni hupunguza somo. Ng'oa mguu mmoja wa kipande hicho, pima tena.

Mota na transfoma ni habari nyingine. Koili ya pampu inaweza kusoma omu 8. Ukigawanya 230 kwa 8 unapata ampea karibu 29, na pampu hiyohiyo ikizunguka inakula 5. Kwenye umeme wa mawimbi (AC, huu wa soketi), koili iliyozungushwa kwenye chuma huzuia mkondo kwa usumaku wake, siyo kwa waya peke yake. Omu za mota hutumika kujua kama waya umekatika au mizunguko imegusana. Kwa kukokotoa wati hazifai.

Dalili: birika linachelewa kuchemka, jiko halikolei, taa zinafifia ukiwasha kitu kikubwa

Hapa ndipo hesabu inapolipa, kwa hiyo tukae kidogo.

Sababu ya kawaida kabisa ni volti ndogo. Kwenye kifaa cha koili, nguvu hufuata volti mara volti. Birika la omu 26.45 kwa volti 230 linatoa wati 2,000. Jioni, mtaa mzima ukiwa unapika na volti imeshuka hadi 190, ni 190 mara 190 gawanya kwa 26.45: wati 1,365. Volti imepungua kwa kiasi kisichofika moja ya tano, moto umepungua kwa karibu theluthi. Lita moja na nusu ya maji iliyokuwa ikichukua dakika nne sasa inakaribia sita. Uniti zinazoliwa ni karibu zilezile, maana wati chache zinafanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Kinachopotea kidogo ni joto linalovuja kwenye ganda la birika wakati unasubiri.

Sababu ya pili, na hii ndiyo inayochoma nyumba, ni kiungo kibovu: skrubu iliyolegea kwenye soketi, plagi iliyochoka, waya uliosokotwa na kufungwa kwa plasta darini.

Vipimo vya kuzitenganisha ni vitatu, na vyote hufanywa bila kufungua chochote.

Kwanza, pima volti ya soketi hakuna kilichowashwa. Tuseme 231.

Pili, chomeka birika kwenye soketi hiyo (soketi pacha ni nzuri, unachomeka upande mmoja na kupima mwingine), liwashe, pima tena. Tuseme 211. Birika hilo kwa volti 211 linavuta ampea 8. Volti 20 zimepotea njiani, na 20 gawanya kwa 8 ni omu 2.5. Volti 20 mara ampea 8 ni wati 160 zinazogeuka joto mahali usipopaona. Pasi ya kulehemu risasi ina wati 40 au 60.

Je, ni waya? Hesabu inajibu. Shaba ina omu 0.0172 kwa mita moja ya waya wa milimita mraba moja. Waya wa 2.5 ukienda mita 15 na kurudi 15, ukinzani wake ni 0.0172 mara 30 gawanya kwa 2.5, yaani omu 0.2. Kwa ampea 8 hiyo ni volti 1.7 tu. Volti 20 haziwezi kupotelea kwenye waya mzima wa ukubwa sahihi.

Tatu, birika likiwa bado linawaka, pima soketi iliyo karibu kabisa na swichi kuu, iliyo kwenye breka nyingine. Ikiwa nayo imeshuka hadi 211 au 212, shida iko nje ya nyumba: laini ndefu, transfoma iliyoelemewa, au kiungo kwenye nguzo. Toa taarifa TANESCO au shirika lako, uwape namba zote mbili, ya kabla ya mzigo na ya wakati wa mzigo. Zina uzito kuliko kusema "umeme mdogo". Ikiwa soketi hiyo imebaki 230, kiungo kibovu kiko ndani, kati ya breka na soketi ya kwanza uliyopima.

Unachoweza kufanya mwenyewe: zima, chomoa, tazama plagi. Kama mguu umebadilika rangi, plastiki imelainika au inanuka, plagi na soketi zote mbili zimekwisha. Kuweka plagi mpya kwenye soketi iliyoungua ni kuiharibu na hiyo mpya. Kwenye ekstensheni, ikunjue yote. Iliyoviringishwa inajipasha moto yenyewe. Ekstensheni nyembamba za kuchaji simu hazikutengenezwa kubeba birika, hata kama mdomo wake unapokea plagi kubwa.

Simama, zima swichi kuu na umwite fundi kama soketi ni ya moto na hakuna kitu kizito kilichochomekwa, kama unasikia cheche ukutani, au kama taa za chumba kimoja zinafifia na za chumba kingine zinakolea kupita kawaida. Hili la mwisho ni nyutro iliyokatika. Kwenye jengo la fezi tatu, volti ya upande mmoja inaweza kupanda kupita 300, na kinachoungua ni friji na televisheni zote za upande huo. Usipoteze muda kupima.

Dalili: koili ya jiko imeungwa, inawaka sana, halafu inakatika tena

Koili ikikatika, fundi wa mtaani hukata ncha zilizoungua, huzivuta na kuzisokota. Jiko linawaka, mteja anafurahi, wiki inayofuata anarudi.

Koili ya wati 1,000 ina omu 52.9. Ukiikata moja ya tano, omu zinabaki 42.3, na volti 230 ileile sasa inatoa wati 1,250. Waya uleule umebebeshwa robo zaidi ya joto lake, tena ni waya uliokwisha kuchakaa. Hapohapo kwenye kisokoto pana ukinzani wake, kwa hiyo panapata moto kuliko kwingine kote na panakatika pale pale.

Pima omu kabla ya kuchomeka. Ikiwa zimepungua zaidi ya moja ya kumi ya zile za hesabu, nunua koili mpya yenye wati sawa na za jiko. Koili yenye wati zaidi siyo zawadi: nyaya za ndani ya jiko na swichi yake zilipangiwa ampea fulani. Na chochote kinachokuwasha mkono ukigusa sufuria kichomolewe mara moja. Koili imegusa bati.

Dalili: friji, feni au pampu inaonekana kula wati nyingi kuliko kibandiko

Kibandiko: wati 150. Klampu: ampea 1.1. Ukizidisha kwa 230 unapata 253, na hapo mtu huanza kulaumu LUKU.

Sababu ya kwanza ni pawa fakta. Kwenye mota, kilele cha mkondo hakifiki pamoja na kilele cha volti, na sehemu ya mkondo huenda na kurudi bila kufanya kazi. Volti mara ampea hapo hutoa volti-ampea. Ili kupata wati unazidisha tena kwa pawa fakta, tuseme 0.6: 253 mara 0.6 ni 152. Mita ya nyumbani inahesabu wati hizo za kweli. Balbu za LED nazo huwa hivi. Koili hazina tabia hiyo, pawa fakta yake ni 1.

Sababu ya pili ni kupima wakati mota inaanza. Kwa sekunde moja hivi inavuta mkondo mara tano au zaidi ya kawaida. Subiri itulie.

Huna kifaa cha kupima pawa fakta? Unacho ukutani. Mita ya umeme ina taa inayopepesa na maandishi kama 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1,000 kwa kila uniti. Zima vyote, acha friji peke yake, hakikisha kompresa inanguruma, kisha hesabu sekunde za mipepeso 10. Kwa mita ya 1000, wati ni 36,000 gawanya kwa sekunde hizo. Sekunde 240 ni wati 150. Ikiwa kila kitu kimechomolewa na taa bado inapepesa, umeme unavuja mahali au kuna waya unaokwenda kwingine, mwite fundi.

Kama wati ni nyingi kweli, anza na vya bure: vumbi nyuma ya friji, mpira wa mlango, friji kubanwa ukutani. Pampu inayopandisha ampea kuliko zamani huwa imekwama beringi au ina mchanga. Kompresa inayojaribu kuanza, ikanguruma na kuzima tena na tena, iache. Hapo pana kapasita (kipande kinachohifadhi umeme), na kapasita hushika chaji hata ikiwa imechomolewa.

Dalili: breka inaanguka

Tazama muda wake. Ikianguka baada ya dakika kadhaa, ni mzigo. Jumlisha ampea: birika ampea 8.7, jiko la wati 2,000 ampea 8.7, pasi ya wati 1,200 ampea 5.2. Jumla 22.6 kwenye breka ya 20. Hamisha kifaa kimoja au kipishanishe. Usiweke breka ya 32 ili "itulie", kwa sababu breka inalinda waya uliomo ukutani, na waya huo hukuubadilisha.

Shawa ya maji moto ya wati 5,500 inavuta ampea 24 peke yake. Inahitaji waya wake kutoka kwenye breka yake. Plagi ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13, yaani wati 3,000 hivi.

Ikianguka papo hapo, ni shoti. Chomoa vyote, irudishe mara moja tu. Ikikubali, rudisha kifaa kimojakimoja. Ikikataa, iache chini.

Ikianguka ile yenye kitufe cha T (breka ya kinga ya umeme unaovuja, RCD), umeme unavuja kwenda ardhini. Ya miliampea 30 huanguka ukinzani wa kwenda ethi (ardhini) ukishuka chini ya omu 7,700 hivi (230 gawanya kwa 0.03), na mara nyingi hata kabla ya hapo. Maltimita inaweza kukuambia hita ni nzima na bado inavuja, kwani inapima kwa volti chache za betri yake. Kazi hiyo inataka mega (kipimo cha uvujaji) ya volti 500 na mtu anayeijua. Kuiruka kinga hiyo ili uoge maji ya moto usikufikirie.

Dalili: inveta ya sola inalia na betri imejaa

Inveta hugeuza umeme wa betri kuwa umeme kama wa soketi. Kwa volti 12 ampea ni nyingi, na kila sehemu ndogo ya omu inauma. Mzigo wa wati 500 unavuta ampea 42 kutoka kwenye betri, hata kabla ya hasara ya inveta. Kibano kilicholegea chenye omu 0.05, kiasi ambacho maltimita yako haiwezi hata kukisoma vizuri, kinameza volti 2.1 na kutoa wati 88 za moto. Inveta inaona 10 na ushei, inapiga kelele.

Usipime omu hapo, pima volti. Washa mzigo, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri yenyewe na nyingine kwenye kibano kilichoishika. Somo zuri ni karibu na sifuri. Ukiona nusu volti, hapo ndipo pabovu: zima, safisha ukoko, kaza. Rudia kila kiungo hadi kwenye inveta.

Vibano vikiwa safi, tazama waya. Taa na televisheni vya wati 60 vilivyofungwa mita 10 kutoka kwenye betri kwa waya wa 1.5 vina omu 0.23 kwenda na kurudi. Kwa ampea 5 hiyo ni volti 1.15 zimepotea. Tumia waya wa milimita mraba 4 au 6, au sogeza betri karibu.

Vua pete na saa kabla ya kushika spana. Betri ya sola ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na volti 12 zisizoweza kukurusha zinatosha kuyeyusha spana mkononi. Betri iliyovimba, inayovuja au yenye harufu ya yai bovu usiifungue wala kuichaji. Fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi iliyo karibu nayo, ondoka, na umwite aliyekufungia.